Mfupa kuungua wakati wa kutoboa: kosa ni kasi ya mashine, ni kubonyeza, ama ni meshi (kile chuma cha kutobolea)?

Docta_Himbi (Goma)

Jambo yenu wote. Niko na swali ya mambo ya mifupa, naomba wenye wanajua wanisaidie juu imenikalia kichwani siku nyingi na usingizi inakuwa kidogo.

Mimi ni daktari wa jenerali, mwaka huu niko zaidi upande wa upasuaji. Wiki sita zilizopita tulipokea kijana mmoja wa moto (pikipiki), alianguka usiku, tibia (mfupa mkubwa wa muundi) imevunjika, kidonda wazi, vijiwe vya makoro (mawe ya volkano) vimeingia mpaka kwenye mfupa, wenye mnaishi hapa mnajua makoro inachana mtu namna gani. Tukaosha vizuri, maji mengi, tukaweka fiksateri ya nje, ile fremu inayoshika mfupa kwa pini kutoka nje. Shefu aliweka pini mbili za juu, kisha akaniambia weka za chini wewe mwenyewe, na mimi nilifurahi.

Sasa sikiliza. Shimo la kwanza lilichukua muda. Nilikuwa nabonyeza kidogo kidogo tu juu niliogopa meshi itoboke ghafla upande wa nyuma ikaingie kwenye mishipa. Mashine inazunguka sana lakini haiendi mbele. Kukatoka harufu kama ya ukucha ukiungua, na kamoshi kembamba. Instru (msaidizi anayenipa vifaa) akaniuliza docta nikupe maji? nikamjibu ngoja niko karibu kumaliza. Nadhani shimo moja tu lilichukua karibu dakika nzima. La pili vilevile.

Kijana amerudi juzi. Pini mbili za juu zimeshika kama msumari kwenye mti mugumu. Zangu mbili zinacheza, usaha unatoka, anaumia akigusa tu. Kwenye radio (picha ya eksirei) kuna kama pete ndogo nyeupe kuzunguka shimo la pini, na kuzunguka ile pete kuna eneo jeusi. Shefu akaangalia akasema neno moja tu, "huo mfupa ulikufa kwa moto," akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Naomba mnifafanulie. Ni kitu gani hasa kinaua mfupa? Mashine ingezunguka polepole ingesaidia? Nilikosea kubonyeza kidogo, ama ningebonyeza zaidi ningeharibu zaidi? Na huyu kijana tumfanyie nini sasa, juu kila asubuhi nikipita kwenye kitanda chake ananiuliza docta nitapona lini.

Mama_Instru (Bukavu)

Docta pole sana, na aksanti kwa kusema wazi, wengi wanaficha. Mimi niko instrumentisti tangu zamani, naanza na maswali ya kwangu kabla wakubwa hawajaja.

Ile meshi ilikuwa mpya ama ni ya kwenye boksi? Juu kwenye maboksi mengi nimeyaona huku kwetu meshi inaingia siku boksi lilipofunguliwa na haitoki mpaka ivunjike. Hakuna mtu anahesabu imetoboa mifupa mingapi. Inapita otoklavu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), inarudi, inapita tena, inashika kutu mwembamba kwenye makali, na kwa macho ya mbali inang'aa kama kawaida. Ukitaka kujua pitisha ukucha wako wa kidole gumba polepole juu ya ncha yake (kabla haijaoshwa kwa sterilizasioni, si mu bloko, chumba cha upasuaji). Meshi nzima inakwangua ukucha, inatoa kaunga. Meshi iliyokufa inateleza tu.

Swali la pili, na usichukie docta: ulikuwa na uhakika mashine ilikuwa inazunguka kwenda mbele? Mimi nimeona kwa macho yangu daktari mkubwa, mwenye mkono mzuri, anatoboa, anatoboa, moshi unatoka, jasho linamtoka, kumbe mtu alitumia mashine kabla yake kutoa skrubu akaiacha kwenye kurudi nyuma. Meshi ikizunguka kinyume haikati hata kidogo, inasugua tu. Tangu siku ile, kabla sijampa mtu mashine ninaizungusha hewani na kuangalia mwenyewe, kila mara, hata akinikasirikia kwamba namchelewesha.

Na ya tatu, maji. Instru akikuuliza maji, jibu ni ndiyo. Mimi sisubiri kuuliza tena. Nashika sirinji ya 50, seramu fizioloji ya kawaida (maji ya chumvi), namwaga pale meshi inapoingia, si juu ya mkono wa daktari, si pembeni, pale pale. Na meshi ikitoka nje naipangusa na kompresi yenye maji juu zile njia zake zikijaa unga wa mfupa na damu haziwezi kutoa kitu tena.

Dr_Mifupa_Kivu (Bukavu)

Mama Instru amesema karibu nusu ya majibu. Nitaongeza sababu, juu ukijua sababu hutasahau.

Mwili uko kwenye nyuzi 37. Mfupa unaanza kuumia karibu na nyuzi 47. Kwa hiyo una nyuzi kumi tu za kuchezea, na hizo zinaisha haraka sana. Hiyo 47 haikutoka hewani. Ilitokana na kazi ya Eriksson na Albrektsson huko Uswidi, matokeo yalitoka 1983 na 1984, walipasha joto mfupa wa sungura na kufuatilia nini kinatokea baadaye. Nyuzi 44 kwa dakika moja, mfupa uliendelea kujijenga. Nyuzi 47 kwa dakika moja, kujijenga kukapungua. Nyuzi 50 kwa dakika moja, mbaya zaidi. Kwa hiyo kila unapoongea joto la mfupa taja vitu viwili pamoja, nyuzi ngapi NA muda gani. Joto kubwa la kufumba na kufumbua laweza kuvumilika kuliko joto la kati linalokaa pale dakika nzima, ndiyo maana nimeshtuka kusoma kwamba shimo moja lilichukua karibu dakika.

Kinachokufa ni seli zilizofungiwa ndani ya mfupa pamoja na vimishipa vidogo vinavyozilisha. Siku ile hutaona kitu. Mfupa uliokufa ni mgumu vilevile, pini inashika vizuri, unafunga kidonda unafurahi. Halafu mwili unaanza kuusafisha ule mfupa mfu, unaula kuanzia pembeni, wiki zinapita, na pini inabaki imesimama ndani ya kapete ka mfupa kasikoshikana na kitu. Hiyo ndiyo pete nyeupe uliyoiona, na lile eneo jeusi ni mahali mwili umekwisha kula. Mikrobu wakiingia kwenye njia ya pini wanakuta nyumba tayari, haina damu, antibiotiki haifiki. Shefu wako alisoma radio sawasawa.

Sasa kwa nini mfupa unaungua upesi hivyo? Kwa sababu mfupa haupitishi joto vizuri. Chuma ukikitoboa joto linasambaa mbali, linapotea. Ganda gumu la mfupa linalishikilia pale pale linapozaliwa. Tena tibia, sehemu ile ya mbele, ganda lake ni nene mno. Ukiwa na garo (mkanda wa kubana mguu damu isipite) imefungwa ndiyo unaondoa hata ile damu kidogo ambayo ingebeba joto.

Kuhusu kubonyeza. Hapa ndipo wengi tunakosea, na mimi nilikosea miaka yangu ya kwanza, juu mtu anafikiri kwa akili ya kawaida kwamba ukibonyeza sana unachoma sana. Matthews na Hirsch walipima jambo hili mwaka 1972 kwenye mifupa ya binadamu, waliweka vipima joto karibu na shimo, wakabadilisha kasi na wakabadilisha nguvu ya kubonyeza, kilo 2, kilo 6, kilo 12. Nguvu ilionekana ina uzito kuliko kasi. Waliobonyeza zaidi walipata joto DOGO na la muda MFUPI, kwa sababu meshi ilipita na kutoka. Meshi zilizokwisha kutoboa mashimo zaidi ya 200 zilipandisha joto kuliko mpya. Maji yalisaidia sana. Kutanguliza shimo dogo pia kulisaidia.

Kwa hiyo docta, huruma yako kwa mishipa ya nyuma ndiyo iliyochoma mfupa. Sisemi hivi kukuumiza.

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi)

Bwana dokta na wenzako, mimi si munganga, mimi ni ajusteri, fundi wa vyuma, nimefanya kazi ya tour (mashine ya kuchonga chuma) na kutoboa chuma huku Lubumbashi miaka mingi, mtoto wangu anasoma medesini ndiye alinionyesha hii mazungumzo akasema papa njoo usome hii ni ya kwako. Nimesoma na ni kweli ni ya kwangu.

Kwetu tunafundisha kijana mpya kitu kimoja siku ya kwanza. Kuna KUKATA na kuna KUSUGUA. Meshi inayokata inatoa kipande, na kile kipande ndicho kinabeba moto kinaenda nao nje. Meshi inayosugua haitoi kipande, inatoa vumbi, na moto unabaki mu kazi. Wazee wetu walikuwa wanapekecha moto na vijiti viwili, si walichukua kijiti chenye ncha butu? Kijiti chenye kingekata wasingepata moto, wangepata shimo. Dokta ulichukua meshi butu, ukaizungusha mbio, ukabonyeza kidogo, ulikuwa unapekecha moto mu mguu ya mtu. Ni ile ile kabisa.

Meshi zetu nyingi za chuma zimekatwa ncha kwa pembe ya digri 118, na makali mawili lazima yawe sawa. Kali moja ikiwa fupi kuliko ingine, meshi inatembea, shimo linakuwa kubwa kuliko meshi yenyewe. Kwa pini yenu hiyo maana yake pini haitashika hata bila moto.

Kitu kingine angalia kinachotoka. Mu chuma tunasoma vipande, rangi na umbo. Vikiwa vya rangi ya bluu tunajua moto umepita kiasi. Nadhani ninyi pia mnaweza kusoma, unga mweupe na vipande vyeupe ni sawa, vikianza kuwa kahawia simama.

Na kutoa meshi mara kwa mara. Kwenye shimo refu hatusukumi mpaka mwisho kwa safari moja, tunaingia, tunatoka, tunasafisha, tunatia mafuta, tunarudi. Ninyi ni maji.

Kama mnataka mimi naweza kuwanolea hizo meshi, siombi hata feza, nitume mtoto.

Docta_Himbi (Goma)

Aksanti sana wote, nimesoma mara mbili mbili.

Mama Instru, jana nimeenda sterilizasioni nikaomba lile boksi. Meshi ya milimita 3,5 ni moja tu, na hakuna anayejua imeingia lini, muuguzi mzee wa pale anasema aliikuta. Nilifanya ile ya ukucha. Inateleza. Nikaiangalia kwa lenzi, pale makali yanapaswa kuwa makali kuna mviringo unang'aa kama kokoto la ziwani. Kwenda mbele ilikuwa mbele, hapo nina hakika.

Papa Fundi, hiyo ya kupekecha moto imenikaa. Naona kweli kilikuwa kinatoka kavumbi kahawia na mimi nilikipangusa ili nione vizuri, sikujua nakipangusa kitu kilichokuwa kinaniambia nisimame.

Maswali mawili bado. Meshi inoleke ama itupwe? Na wakati mwingine mashine yetu ya bloko inaharibika tunatumia mashine ya kawaida ya ujenzi, ile ya betri, tunaifunika na kitambaa sterile. Ile inazunguka mbio zaidi. Inachoma zaidi?

Dr_Mifupa_Kivu (Bukavu)

Papa Fundi, moyo wako ni mzuri na maelezo yako ya kukata na kusugua nitayatumia kuwafundisha wanafunzi, nakuomba ruhusa. Lakini meshi ya bloko usiinoe, na wewe mwenyewe umesema sababu: kali moja ikizidi ingine kwa kidogo tu shimo linapanuka, na kwa skrubu ya milimita 3,5 tunatoboa na meshi ya 2,5, kwa ile ya 4,5 tunatoboa na 3,2, hakuna nafasi ya kosa hapo. Tena ile mashine ya kunolea inaweza kupasha chuma mpaka kipoteze ugumu wake. Meshi butu itupwe. Najua bei, najua safari yake mpaka ifike hapa, najua hakuna duka la kona linaloziuza. Lakini pima gharama ya meshi moja na gharama ya kijana wa moto kukaa kitandani miezi mitatu zaidi bila kufanya kazi, na watoto nyumbani. Mimi nikienda kwa wakubwa kuomba vifaa naanza na hesabu hiyo, na siombi "vifaa vya mifupa", naomba meshi, kwa jina na kwa namba.

Mashine ya betri ya ujenzi: inatumika katika nchi nyingi zenye uhaba, na kuna mifuko maalumu ya kuifunika iliyotengenezwa kwa kazi hiyo inayooshwa na kupita otoklavu, kwa hiyo si aibu. Shida ni kwamba baadhi zinazunguka mbio mno. Weka gia ya chini ile yenye nguvu, usibane kitufe mpaka mwisho, meshi iwe mpya, maji yawepo. Kasi peke yake watafiti bado wanabishana, wengine wanasema kasi ndogo ni salama, wengine wamepima hawakukuta tofauti. Makali, maji, na muda, hapo hakuna anayebisha.

Hofu yako ya kutoboka nyuma ni ya haki, sitaki uende sasa ukabonyeze kama anayevunja makoro. Tumia mrija wa kuongoza meshi, unalinda nyama zisijiviringe pia. Mkono wa pili uuegemeze kwa mgonjwa ili ukuzuie. Sikiliza sauti: ganda la kwanza lina sauti yake, ndani kwenye uboho sauti inalegea, kisha inapanda tena ukigusa ganda la pili, na hapo ndipo unapunguza. Na amini hili, meshi butu ndiyo inayotoboka vibaya, kwa sababu unaisukuma, unaisukuma, unaisukuma, halafu inaachia ghafla ikiwa na uzito wako wote nyuma yake.

Pini za milimita 5: tanguliza shimo na meshi ya 3,5 kisha pini yenyewe iingize KWA MKONO, na kishikio, polepole. Zile pini zenye ncha ya kujitobolea watu wanazipenda juu zinaokoa muda, lakini kwenye ganda nene la tibia mimi siziingizi na mashine. Broshi za Kirschner (vile vyuma vyembamba kama waya) nazo zina shida yao, hazina njia za kutoa unga kabisa, ncha yake inasukuma mfupa pembeni tu, kwa hiyo ingiza, pumzika, ingiza, na maji. Ukikosa mahali usirudierudie shimo lile lile na broshi ile ile.

Na siku utakapoanza kupanua mfereji wa ndani kwa ajili ya msumari (chuma kirefu kinachokaa ndani ya mfupa), kumbuka mazungumzo haya. Mfereji mwembamba, garo imefungwa, kifaa cha kupanulia kimekuwa butu, hapo unaweza kuua kipande kizima cha tibia kwa ndani, si pete tu. Wanaotumia ile misumari ya SIGN wanapanua kwa mkono bila mota, na kwa upande wa joto hiyo ni faida.

Meno_Ibanda (Bukavu)

Naingia kidogo, mimi ni wa meno. Ile kazi ya Uswidi aliyotaja Dr Mifupa ilitoka kwenye mji wa Göteborg, kule kule Brånemark alipoanza kuweka mizizi ya titani kwenye mataya ya watu mwaka 1965. Kwetu ukichoma mfupa mzizi haushiki, unatoka miezi michache baadaye ukiwa mkononi mwa mgonjwa, kwa hiyo tulijifunza mapema kuogopa joto. Tunatoboa kwa meshi nyingi, nyembamba kwanza, halafu nene, halafu nene zaidi, kila moja inaondoa kidogo tu, na maji hayakatiki. Maji yakiisha tunasimama. Nashangaa kuona mu bloko za mifupa maji yanaonekana kama jambo la hiari.

Kijana_Majengo (Goma)

Samahani wakubwa, mimi si daktari. Niko na fiksateri mguuni mwezi wa pili sasa. Nimesoma hapa nimeogopa. Pini moja inatoa majimaji kidogo asubuhi, hayanuki. Ina maana mfupa wangu uliungua?

Dr_Mifupa_Kivu (Bukavu)

Hapana mdogo wangu, usiogope. Majimaji kidogo meupe ama ya njano yasiyonuka kwa watu wengi ni ngozi tu inayosuguana na pini. Safisha kila siku kama walivyokuonyesha, mikono ikiwa imenawa. Lakini ukiona pini inacheza, ama usaha, ama wekundu unaopanuka, ama maumivu mapya ukikanyaga, usingoje siku ya randevu, nenda waipige radio. Na usiruhusu mtu wa mtaani aikaze na spana.

Mama_Instru (Bukavu)

Na usiweke majani wala mafuta ya breki kwenye pini baba, nimeona hayo yote.

Docta_Himbi (Goma)

Dr, umesema mengi lakini kijana wangu bado hujanijibu. Tumfanyie nini?

Dr_Mifupa_Kivu (Bukavu)

Kweli, samahani. Pini zinazocheza zitolewe, hazitashika tena hata mkizikaza. Antibiotiki peke yake haitatosha maadamu ile pete iko ndani, ni mfupa mfu, ni kama mwiba. Mpelekeni bloko, toeni pini, kwangueni njia yake mpaka pete itoke na ukuta wa shimo uanze kutoa damu, hiyo damu ndiyo alama kwamba mmefika kwenye mfupa hai. Tumeni kipande maabara wawaambie ni mikrobu gani kabla ya kuchagua dawa, kama maabara ipo. Pini mpya muziweke mbali na mashimo ya zamani, kwenye mfupa safi, kwa meshi mpya na maji. Mashimo ya zamani acheni wazi yajisafishe. Halafu mumuangalie kwa radio baada ya wiki chache, kama tundu linajaa ama linapanuka.

Na mwambie. Mwambie yeye mwenyewe kilichotokea, kwa maneno ya kawaida.

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi)

Dokta Mifupa ruhusa umepata. Kuhusu kunoa nimekubali, nilisema juu ya chuma sijui mambo ya skrubu zenu. Dokta wa Goma, kijana mpya kwetu hagusi kazi ya mteja mpaka ameharibu vyuma vya bure kwanza. Nunua mfupa wa ngombe. Chukua ile meshi mbaya na meshi nzuri, toboa pamoja, mkono wako utajua tofauti na hautasahau.

Docta_Himbi (Goma)

Narudi kuwapa habari, ni siku tisa zimepita.

Tulimpeleka bloko Jumanne. Shefu alishika, mimi nilisaidia. Pete mbili zilitoka nzima nzima, ndogo, kavu, nyeupe kama chaki, unaweza kuzivaa kwenye kalamu. Nilizishika mkononi muda mrefu. Tulikwangua mpaka damu ikatoka, tukaweka pini mbili mpya juu kidogo, na Mama Instru ungefurahi, instru wetu hakuuliza kuhusu maji, alimwaga tu. Meshi ilikuwa mpya, tumekopa mbili kwa wenzetu wa hospitali ingine tukisubiri zetu. Shimo moja lilichukua muda mfupi kiasi kwamba niliuliza kama kweli nimepita ganda zote mbili. Unga ulikuwa mweupe.

Nilimwambia kijana kabla ya operesheni. Nilikaa kwenye kitanda chake nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyeweka pini za chini, kwamba meshi ilikuwa mbaya na mimi sikujua kuisoma, mfupa ukaungua. Alinyamaza. Halafu akaniuliza kama ile ya sasa nitaiweka mimi ama shefu. Nikamwambia shefu ataweka, mimi nitaangalia. Akasema sawa.

Papa Fundi, mfupa wa ngombe nilinunua soko la Virunga, mfupa wa paja, muuza nyama aliniuliza unapikia watu wangapi. Nilifunga mfupa kwenye meza nyuma ya nyumba, mashine ya jirani, hakuna maji kwanza ili nione. Meshi mpya, nikabonyeza sawasawa, sekunde saba ganda la kwanza limepita, vipande vyeupe vimejikunja kama maganda ya penseli. Ile meshi ya zamani, kubonyeza kidogo kama nilivyofanya siku ile, nilihesabu mpaka hamsini na mbili. Harufu ile ile. Mke wangu akatoka ndani akauliza ni nini kinaungua. Nilipokata mfupa katikati na msumeno, shimo la kwanza ukuta wake ni safi, la pili lina mviringo wa kahawia pande zote, unene wake kama karatasi mbili tatu hivi. Nimevipeleka vipande vyote viwili bloko, viko kwenye dirisha la sterilizasioni karibu na boksi.

Mama_Instru (Bukavu)

Docta umefanya vizuri. Sasa chukua daftari, andika tarehe meshi mpya ilipoingia, na kila operesheni instru aweke mstari mmoja kwa kila shimo. Sisi tulianza hivyo, daftari linakaa ndani ya kabati la maboksi, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibiwe.

Docta_Himbi (Goma)

Nimenunua daftari leo asubuhi. Uzi nitatafuta.